Wivu wa chumbani, muziki wa sebuleni

Mwalimu mmoja wa Msambweni ameniuliza: je, ule muziki wa Ulaya unaopigwa na watu wachache, kila mmoja na ala yake, tuuite ‘muziki wa chumbani’? La hasha! Tafsiri ya neno kwa neno hapa inapotosha.

Kwetu Pwani, chumbani ni mahali pa siri za mume na mke. Muziki huo ulipigwa katika kumbi za majumba ya wakubwa, mbele ya wageni waalikwa. Sisi mgeni tunamkaribisha wapi? Sebuleni. Basi tuuite ‘muziki wa sebuleni’.

Suala hili linavuka istilahi. Mnamo 1923, mtunzi Mcheki, Leoš Janáček, alitunga muziki wa fidla mbili, viola na chelo kutokana na hadithi ya Mrusi Leo Tolstoy, ambamo mume anamuua mkewe kwa wivu. Muziki wenyewe hauna neno hata moja. Siri ya chumbani inafika sebuleni bila kutajwa.

Sisi nasi tuna taarab, ambayo Sultan Barghash (1870–1888) aliilea katika kasri lake Unguja, na leo inasikika katika arusi za Diani na Msambweni. Taarab ina maneno, tena mengi, na wivu ni mojawapo ya mada zake. Itausemaje mbele ya wageni? Kwa fumbo. Ahmad Nassir, aliyemtungia nyimbo Juma Bhalo wa Mombasa, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Mpenzi huwa ua, mpinzani akawa nyuki. Aliyeumia hutua mzigo, mlengwa hujijua, jirani hubaki na shaka, na kesho wote hukutana matangani wakasalimiana.

Sasa hebu sikiliza baadhi ya mipasho ya siku hizi. Fumbo limevuliwa nguo. Mtu anaimbwa mpaka mtaa anaokaa unajulikana. Hapo wimbo hautulizi wivu, unauchochea, na ugomvi wa wawili unakuwa wa koo mbili.

Kwa hivyo, mwalimu, ukishawapa wanafunzi istilahi hiyo, wape na zoezi: kila mmoja atunge beti mbili za mtu anayeonea wivu mpenziwe, bila kutumia neno ‘wivu’ wala jina la mtu. Atakayefaulu amejua Kiswahili.