Kinga ya Rangi kwa Anayeosha Gari Nyumbani

Juu ya rangi ya gari la kisasa kuna tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Kwa kawaida unene wake ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani ni jembamba kuliko unywele. Jua la Dar es Salaam na Mombasa hulipiga mwaka mzima, na kinyesi cha kunguru kikikaukia kwenye boneti ya moto huacha alama ambayo haitoki kwa kuosha. Klia ikishapauka na kubanduka, hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha. Ni kupiga rangi upya, na gharama yake mnaijua.

Kinga za madukani ni za aina tatu. Kuna nta, na iliyo bora hutokana na majani ya carnauba, mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Inang'arisha vizuri, ila joto letu huimaliza mapema, na ile ya kopo huacha weupe kwenye plastiki nyeusi za bampa. Kuna kinga ya kupuliza, yenye polima au silika. Halafu kuna seramiki ya chupa ndogo, inayoshikamana na klia na kuweza kudumu zaidi ya mwaka.

Wengi huvutwa na hiyo ya mwisho. Mimi simshauri anayefanya kazi uani kwake aanze nayo. Seramiki hufungia chini yake kila mkwaruzo na doa lililosalia. Inataka bodi iliyopoa, kivuli, na saa kadhaa bila vumbi wala mvua. Kwenye joto hukauka haraka sana, na sehemu uliyochelewa kuifuta huganda na kuacha mabaka. Kuyaondoa ni lazima upige polishi, na polishi hukwangua ileile klia uliyotaka kuilinda.

Kinga ya kupuliza inakusamehe. Osha gari kwa shampuu ya magari, lipoe kivulini, puliza kidogo kwenye kipande kimoja, sambaza kwa taulo la maikrofaiba, kisha futa kwa taulo jingine kavu. Ukiona ukungu, pitisha tena taulo lenye unyevu kidogo. Hudumu miezi michache tu, lakini kwa kuwa ni kazi nyepesi utairudia, na gari halitakaa bila kinga.

Unaponunua, soma maelezo: inapakwa kwenye bodi kavu au yenye maji? Inafaa kwenye plastiki na vioo? Ina chembe za kukwangua? Yenye chembe hizo si ya kutumia kila mwezi. Usipulize kwenye diski za breki, pedali, usukani wala sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Utelezi hapo ni hatari kwa maisha.

Sabuni ya unga ya kufulia iache kwenye nguo, kwani huichakaza kinga mapema. Na maji ya kisima yenye chumvi yafute kabla hayajakauka, maana madoa yake hushika hata juu ya kinga nzuri. Ukiona maji yanatandaa kwenye boneti safi badala ya kujikusanya matone na kuteleza, puliza tena.