Medusa mikokoni

Abiria wa Siyu, Faza na Kizingitini hushuka Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, Lamu. Ukisubiri gatini maji yakiwa yametulia, huenda ukamwona yavuyavu akipita ubavuni mwa boti: mwavuli laini, karibu wote maji, unaojikunja na kujikunjua huku minyiriri ikining'inia. Wanabiolojia humwita medusa. Wengi hulichukua hilo kuwa jina la mnyama, kumbe ni jina la kipindi kimoja cha maisha yake, tena kile kifupi.

Katika hekaya za Wayunani, Medusa alikuwa na nyoka kichwani badala ya nywele, na aliyemtazama aligeuka jiwe. Shujaa Perseus ndiye aliyemkata kichwa. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa kuwapa viumbe majina, aliwapa mayavuyavu jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1758. Mwanafunzi wake, Peter Forsskål, aliiendeleza hadithi. Alifika Bahari ya Shamu na msafara wa Denmark, akafariki Yemen mwaka 1763, na mwenzake Carsten Niebuhr akayachapisha maandishi yake mwaka 1775. Humo mna yavuyavu aitwaye Medusa andromeda. Andromeda ni yule binti aliyefungwa mwambani aliwe na dude la baharini, na aliyemwokoa ni Perseus huyohuyo, akitoka kumuua Medusa.

Siku hizi mnyama huyo huitwa Cassiopea andromeda, kwa jina la mama na binti. Cassiopea alikuwa malkia wa nchi ambayo Wayunani waliiita Ethiopia. Kwa majivuno yake akawekwa angani juu ya kiti, kichwa chini miguu juu. Jina limemkaa hasa. Yavuyavu huyu wa maji ya joto, anayejulikana tangu Bahari ya Shamu hadi Bahari ya Hindi, hulala chali juu ya matope, mwavuli chini, mikono juu. Mwilini mwake mnaishi mwani wa chembe moja, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wao. Ndiyo maana hupenda maji mafupi yaliyotulia, na mikokoni ndiko kwake.

Lakini huyo anayeonekana ni nusu tu ya habari. Yai likirutubishwa hutoa kiluwiluwi kisichozidi punje ya mchanga, nacho hutafuta mahali pa kujibandika. Watafiti waliochunguza jamii ya Cassiopea huko Florida waligundua kwamba majani ya mkoko yanayooza majini hutoa kemikali zinazomwita kiluwiluwi atue. Hapo juu ya jani hugeuka polipu: kibua chenye mdomo juu na minyiriri pembeni, milimita chache tu. Polipu huzaa polipu wengine bila dume wala jike. Akishapata ule mwani, kichwa chake hupanuka, hujikata, na medusa mchanga huogelea zake. Shina hubaki palepale, likaota kichwa kingine.

Kuhusu kuwasha: minyiriri ya mayavuyavu ina chembe zenye uzi wa sumu uliokunjwa ndani, ambao huchomoka kwa kuguswa tu. Cassiopea ana ziada. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ute wake hubeba vifundo vidogo vya chembe hizo, kwa hiyo muogaji huwashwa bila kumgusa mnyama. Aliyewashwa asijisugue. Asuuze kwa maji ya chumvi, kwani maji baridi yasiyo na chumvi huweza kuzifyatua chembe zilizobaki. Akishindwa kupumua, apelekwe hospitali mara moja.

Naona tunamtazama mno medusa. Mayavuyavu wa aina nyingi huanza maisha kama polipu waliojibandika kwenye kitu kigumu, hasa upande wa chini wenye kivuli: mizizi, makombe, nguzo za gati, hata chupa za plastiki. Bandari ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021, na zege lililotumbukizwa Ghuba ya Manda ni makao mapya kwa viumbe wa kujibandika. Anayetaka kujua kama mayavuyavu wataongezeka katika maji haya asiridhike na kuwahesabu wanaoelea. Azamie na taa na kioo cha kukuzia, achunguze chini ya magati, la Mtangawanda likiwemo, na arudie mwaka hadi mwaka.