Ufizi Unapokatwa Ili Krauni Ikae

Katika kliniki za meno za Nairobi, zilizotapakaa kuanzia Moi Avenue hadi Hurlingham, Kilimani na Westlands, kuna swali ambalo wagonjwa huuliza wakiwa wamechelewa, mdomo ukiwa tayari umekufa ganzi: "Daktari, mbona damu yote hii? Si ulisema ni krauni tu?" Mtu alikuja akijua jino lake litachongwa, litachukuliwa vipimo, kisha atarudi baada ya wiki mbili kuvishwa krauni, yaani kofia ya kulifunika jino. Hakuna aliyemwambia kwamba kipande cha ufizi kitaondolewa. Kazi yangu ya kila siku ni fizi, na msimamo wangu ni huu: kukata ufizi mara nyingi ndiko kunakoliokoa jino, ila uamuzi huo ufanywe kwa kupima, kabla ya siku ya kuchonga, na mgonjwa awe ameelezwa akaelewa.

Meno yanayofikia hali hii huwa na historia zinazofanana. Gego lilitoboka likazibwa, halafu likaanza kuoza tena pembeni mwa ziba, chini ya ufizi ambako mswaki haufiki. Au mzizi ulitibiwa vizuri, lakini fedha zikaisha kabla ya krauni. Mgonjwa akakaa mwaka mzima na ziba la muda, mpaka siku alipouma mahindi choma na nusu ya jino ikaondoka. Ajali za bodaboda nazo hutuletea meno ya mbele yaliyokatika sawasawa na ufizi. Kuna pia wagonjwa wa presha wanaomeza amlodipine au nifedipine, na wa kifafa wanaomeza phenytoin, dawa ambazo kwa baadhi ya watu huufanya ufizi ukue na kufunika meno. Hao nawasihi wasiache dawa zao kwa uamuzi wao wenyewe. Wazungumze kwanza na daktari aliyewaandikia.

Ukilitazama jino kwenye kioo, utadhani ufizi umelizunguka tu. Kumbe umelishika. Kati ya ufizi na jino kuna kijibonde chembamba, pale unapopita uzi wa kusafishia meno. Chini ya kijibonde hicho ufizi umejigandisha kwenye jino kwa utando laini, na chini ya utando kuna nyuzi ngumu zilizojifunga kwenye mzizi mpaka karibu na mfupa wa taya. Mwaka 1961 Gargiulo na wenzake nchini Marekani walichapisha vipimo vya meno 287 ya maiti 30, na wastani walioupata ni takriban milimita 1 ya utando na milimita 1 nyingine ya nyuzi. Ukijumlisha na kina cha kijibonde, unapata kama milimita 3 kutoka mfupani hadi ukingo wa ufizi. Vipimo hutofautiana kati ya mtu na mtu, hata kati ya jino na jino la mtu huyo huyo, lakini nafasi hiyo ya utando na nyuzi mwili hauiachi. Ndiyo inayozuia vijidudu vya mdomoni visishuke hadi mfupani.

Sasa daktari akiuzamisha ukingo wa krauni ndani ya nafasi hiyo, ufizi hauzoei. Huvimba, hugeuka mwekundu ulioiva, hutoka damu kila ukipitishwa mswaki, na hunuka. Kwa mwenye ufizi mnene, uvimbe huo unaweza kukaa miaka. Kwa mwenye ufizi mwembamba, ufizi hurudi nyuma na mfupa huliwa, mpaka ukingo wa krauni ubaki nje ukionekana. Krauni yenyewe inaweza kuwa ya zirkonia safi, imetengenezwa na fundi hodari, na bado lawama zote zikaishia kwa fundi huyo.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya nguvu. Krauni haifai kushikiliwa na saruji na ziba peke yake. Inatakiwa ikumbatie ukuta wa jino lenyewe, lililo zima, wenye urefu wa milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pande zote, kama pete ya chuma inavyobana mpini wa patasi usipasuke. Jino lililokatika sawa na ufizi halina ukuta huo. Krauni iliyowekwa juu ya jino la namna hiyo hulegea mara kwa mara, au mzizi hupasuka, na mzizi uliopasuka kwa urefu kwa kawaida hung'olewa. Kwa hiyo tunahitaji jino zima la milimita 4 au 5 kutoka mfupani kwenda juu: sehemu ya ufizi kushika, na sehemu ya krauni kushika.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na ndicho ningependa kila msomaji akijue. Ganzi ikishashika, daktari huchukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na kukishusha kando ya jino. Kinapita kijibonde, kinapenya utando na nyuzi, kisha kinagonga mfupa. Vidole vinahisi tofauti: kwanza ulaini, halafu ukinzani kidogo, halafu kituo kigumu kisichosogea. Hapo alama husomwa, na kazi hiyo hurudiwa sehemu sita kuzunguka jino. Picha ya eksirei huonyesha vizuri mfupa ulio katikati ya jino na jino. Mfupa wa upande wa shavu na wa upande wa ulimi hufichwa na jino lenyewe. Ndiyo maana picha peke yake haitoshi kuamua.

Tuseme kijiti kimesoma milimita 5 kutoka ukingo wa ufizi hadi mfupani, na sehemu iliyovunjika imejificha milimita 1 chini ya ufizi. Hapo upo ufizi wa ziada. Milimita 2 zinaweza kuondolewa kwa kisu, kwa umeme au kwa leza bila kugusa mfupa. Lakini kama kijiti kimesoma milimita 3 na jino limevunjika kwa kina kile kile, kukata ufizi peke yake ni kazi bure. Utaonekana umepungua siku ya kupima krauni, na baada ya miezi michache utakuwa umerudi pale pale, mara hii juu ya ukingo wa krauni. Kesi ya namna hii inataka ufizi ufunguliwe, mfupa upunguzwe kidogo kwa keekee inayomwagiwa maji, kisha ufizi ushonwe ukiwa chini zaidi. Leza imekuwa kivutio kikubwa katika matangazo ya kliniki za Nairobi, na ni chombo kizuri kwa sababu damu huwa kidogo. Haibadilishi hesabu ya milimita. Na njia ya umeme haifai kwa mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mwenye kifaa hicho aseme mapema.

Tusichanganye haya na uzi mwembamba unaosukumwa kwenye kijibonde kabla ya kuchukua vipimo. Uzi huo, uliolowekwa dawa ya kukausha damu, husogeza ufizi kwa dakika chache tu ili ukingo wa jino uonekane, kisha hutolewa. Hapo hakuna kilichokatwa.

Kuna mahali ambapo mimi hukataa kukata. Magego ya chini yana mizizi miwili, na mahali inapogawanyika huwa milimita 3 au 4 tu chini ya shingo ya jino. Ukipunguza mfupa hapo unafungua pango ambalo mgonjwa hataweza kulisafisha maisha yake yote, na jino litapotea kwa ugonjwa wa fizi badala ya kuoza. Jino la mbele nalo, likirefushwa peke yake, litaonekana refu kuliko mwenzake kila mtu huyo anapocheka. Hapo ni afadhali kulivuta jino polepole kwa waya, kazi ya miezi kadhaa. Kwa baadhi ya magego, ziba maalumu linaweza kuuinua ukingo uliozama, ilimradi usiwe umeufikia mfupa. Na jino likiwa na mzizi mfupi, au limeoza mpaka ndani ya mzizi, neno la kweli ni kuling'oa na kupanga cha kuweka mahali pake. Siyo habari njema, lakini ni bora kuliko kumlipisha mtu upasuaji na krauni kwa jino ambalo halitadumu.

Baada ya upasuaji, ngozi ya juu hupona ndani ya wiki moja au mbili. Ufizi wenyewe huchukua muda zaidi kutulia. Kwa meno ya nyuma husubiriwa wiki 6 hadi 8 kabla ya krauni ya kudumu, na kwa meno ya mbele miezi 3 hadi 6. Wakati huo mgonjwa hukaa na krauni ya muda. Siku za mwanzo ale uji, viazi vilivyopondwa, vitu vya uvuguvugu. Sigara, miraa na muguka ziwekwe kando. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imeshuka kabla ya tarehe ya upasuaji, na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme tangu siku ya kwanza.

Haki ya kuelezwa haya yote imo katika sheria. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, hatari zake na gharama zake, na inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Anayetoka Kangemi au Kawangware ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili sawa na anayeelezwa kwa Kiingereza kule Lavington. Akitaka maoni ya pili, hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko pale Argwings Kodhek Road, na daktari yeyote anaweza kukaguliwa kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Uliza kabla ya sindano: mfupa uko umbali gani, je, utaguswa, na nitasubiri muda gani?

Na kama tayari una krauni ambayo ufizi wake umeendelea kutoka damu miezi kadhaa ingawa unapiga mswaki vizuri, rudi kwa aliyekuwekea na umwombe apime hadi mfupani. Maji ya chumvi hutuliza uvimbe kwa siku mbili tatu. Ukingo wa krauni uliozama hayausogezi.