Chembe za Kinga Damu Inaporejea Moyoni

Mgonjwa wa Wete anayepatwa na shambulio la moyo usiku ana bahari mbele yake. Barabara itamfikisha Chake Chake, uliko uwanja wa ndege wa Pemba. Kutoka hapo bado anapaswa kuvushwa hadi Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako mshipa ulioziba huzibuliwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa kutoka mkononi au kwenye paja. Muda wote huo misuli ya moyo hufa kwa kukosa damu. Hilo wengi wanalifahamu. Lisilofahamika sana ni kwamba damu nayo, inaporejea, huja na madhara yake.

Mwaka 1960 Robert Jennings na wenzake, nchini Marekani, waliziba kwa muda mishipa ya moyo ya mbwa kisha wakaifungua. Waliona misuli iliyokwisha kudhurika ikiharibika kwa kasi zaidi damu iliporudi. Sehemu ya madhara hayo hutokana na oksijeni na kalisiamu vinavyofurika ndani ya seli. Lakini tuhuma kubwa ziliangukia nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazowahi kufika kwenye jeraha. Katika miaka ya 1980 mbwa waliopunguziwa chembe hizo walipata kovu dogo zaidi, na matumaini yakapanda. Miaka ya mwanzo ya 2000, dawa za kuzuia nyutrofili zisinate kwenye kuta za mishipa zilijaribiwa kwa binadamu. Kovu halikupungua.

Kosa, kwa kiasi kikubwa, lilikuwa kuzichukulia chembe za kinga kama adui mtupu. Mwaka 2007 Matthias Nahrendorf na wenzake walionesha kwa panya kwamba chembe ziitwazo monositi hufika kwa mawimbi mawili: la kwanza husafisha mabaki ya seli zilizokufa, la pili hujenga kovu na mishipa mipya. Miaka miwili baadaye ikabainika kuwa nyingi kati ya hizo huwa zimehifadhiwa kwenye bandama, zikisubiri wito. Ukizizima zote, ukuta wa moyo hubaki dhaifu na huweza kupasuka. Ndiyo maana watafiti leo huuliza zaidi ni chembe zipi zizuiwe, na katika saa ipi.

Majibu bado yanapingana. Nchini Norway, jaribio la wagonjwa 199 lililotangazwa mwaka 2021 lilionesha kuwa dozi moja ya tosilizumabu iliokoa misuli zaidi. Lakini wagonjwa hao walifikishwa hospitali ndani ya saa 6 tangu dalili zianze. Kolikisini, dawa ya kale ya jongo na ya bei nafuu, ilileta faida katika jaribio la mwaka 2019, kisha haikuleta katika jaribio kubwa zaidi la mwaka 2024. Kanakinumabu, mwaka 2017, ilipunguza mashambulio mapya ya moyo, ila vifo vya maambukizi viliongezeka.

Hapo ndipo Pemba inapohusika moja kwa moja. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kisiwani humu kwa zaidi ya watoto 24,000: vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, vilivyodhaniwa kuwa salama, viliongeza kulazwa na vifo kwa sababu ya mazingira ya malaria. Si dawa ya moyo, lakini kisa hicho kinatosha kutia shaka juu ya dawa yoyote inayogusa kinga ambayo imepimwa ugenini tu.

Kuna la kufanya kabla ya hapo. Dawa ya kuyeyusha donge la damu haihitaji kuvuka bahari. Inahitaji kipimo cha umeme wa moyo kifanywe na kisomwe mapema. Utafiti wa Moshi, katika Hospitali ya KCMC, ulibaini kwamba wagonjwa wengi wenye shambulio la moyo hawakutambuliwa na waliowahudumia. Asiyetambuliwa hazibuliwi mshipa, wala hahesabiwi katika jaribio lolote la dawa za kinga.