Utafiti wa Ng'ambo, Fedha za Nyumbani

Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, watu waliokula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hadi yakaota ukungu. Sumu yenyewe haionekani kwa macho wala haiishi kwa kuchemsha, na mkulima wa kawaida hadi leo hana njia rahisi ya kuipima kabla ya kulisha watoto wake au kuuza gunia. Tuseme kampuni changa ya Nakuru au Dodoma, yenye wahandisi wachache tu, inataka kutengeneza kipimo cha bei nafuu kitakachotoa jibu palepale ghalani. Mahindi inayajua, wanunuzi inawajua, na programu ya simu inaweza kuiandika yenyewe. Inachokosa ni mshirika mwenye utaalamu wa vitambuzi vya kemikali na maabara ya kuthibitisha kwamba kipimo hakidanganyi, na mshirika huyo huenda yuko Uholanzi, Afrika Kusini au Korea Kusini. Nani alipie ushirikiano huo? Ninaamini kwamba wa kwanza kuweka fedha anapaswa kuwa serikali ya nchi ya kampuni hiyo, na kwamba nchi zetu za Afrika Mashariki zimechelewa mno kulifanya hili kwa mpango unaoeleweka.

Benki haiwezi kuifanya kazi hii. Benki hutaka dhamana, nyumba au shamba, nao utafiti hauna cha kuweka rehani: huenda ukazaa bidhaa, huenda ukazaa ripoti inayosema njia hii haifai. Mchumi Kenneth Arrow alieleza tangu mwaka 1962 kwa nini soko peke yake huwekeza kidogo kuliko inavyotakiwa katika utafiti. Anayegharimia ugunduzi hawezi kuhakikisha kwamba manufaa yote yanabaki kwake, kwa hiyo husita, ingawa jamii nzima ingefaidika. Ukivuka mpaka, gharama zinaongezeka. Kuna mwanasheria wa kuandika mkataba unaotambulika katika nchi mbili, vibali vya kusafirisha sampuli, tafsiri ya viwango vya ubora, na ada za kusajili hataza katika kila nchi ambako bidhaa itauzwa. Kampuni kubwa huzigawa gharama hizo katika miradi mingi. Kampuni ndogo hulipa zote kwa mradi mmoja, kabla haijauza hata kifaa kimoja, na ndiyo maana nyingi huishia kubadilishana barua pepe na kadi za mikutano.

Ulaya ililishughulikia tatizo hili kwa namna inayostahili kuchunguzwa kwa makini. Mtandao wa Eureka ulianzishwa Paris mwaka 1985 ili nchi zishirikiane katika utafiti ulio karibu na soko, na mwaka 2008 ukazaa mpango wa Eurostars kwa ajili ya kampuni ndogo na za kati, ambazo kwa kipimo cha Ulaya ni zile zenye wafanyakazi chini ya 250. Mradi lazima uwe na washirika wasiopungua wawili, kutoka nchi mbili tofauti, na uongozwe na kampuni ndogo yenye ubunifu. Kampuni ndogo zibebe nusu ya bajeti au zaidi, na hakuna mshirika wala nchi inayoruhusiwa kushika zaidi ya asilimia 70. Kazi isizidi miezi 36, na bidhaa ilenge kufika sokoni ndani ya miaka miwili baada ya hapo. Masharti haya yamebeba fikra nzima ya mpango. Sharti la asilimia 70 linamzuia mkubwa kumtumia mdogo kama jina la kupambia maombi, na sharti la uongozi linahakikisha kwamba swali la utafiti linatoka kwa mwenye bidhaa, ambaye ndiye atakayesimama mbele ya mnunuzi.

Linalonivutia zaidi ni jinsi fedha zinavyotoka. Maombi hupimwa pamoja na wataalamu huru, lakini kila nchi huwalipa watu wake: kampuni ya Denmark hulipwa na Denmark, ya Kanada hulipwa na Kanada, na Afrika Kusini, iliyomo katika mpango huo, huzilipa za kwake. Kati ya 2014 na 2020 nchi zilitenga euro milioni 861, na Umoja wa Ulaya ukaongeza milioni 287. Kwa hiyo robo tatu ya fedha ilikuwa ya serikali za nchi zenyewe. Utaratibu huu una kasoro yake, na si ndogo: fungu la nchi moja likiisha, mradi mzuri unaweza kukwama ingawa nchi ya pili bado ina fedha. Hata hivyo kila mshirika huingia akiwa amekuja na cha kwake, kwa hiyo ana haki ya kuuliza matokeo yatakuwa ya nani. Mkataba wa washirika, unaotaja umiliki wa ugunduzi, hutakiwa utiwe saini kabla ya kazi kuanza.

Mfano mwingine ni mkongwe zaidi. Mwaka 1977 Marekani na Israel zilianzisha mfuko wa BIRD, zikaupa mtaji wa kudumu uliofikia dola milioni 110, na tangu hapo umeidhinisha miradi zaidi ya 1,000 inayounganisha kampuni za pande mbili. Mfuko hulipa hadi nusu ya gharama. Bidhaa ikishindwa, kampuni hairudishi kitu. Ikiuzwa, hulipa mrabaha hadi kikomo cha asilimia 150 ya ruzuku. Serikali hubeba hasara pamoja na mjasiriamali, na faida ikija nayo hupata fungu lake la kusaidia wengine. Nchi yenye hazina nyembamba ingefaa kuutazama mpango huu kwanza, maana mlipakodi anayeambiwa kwamba sehemu ya fedha itarudi hushawishika kwa urahisi zaidi.

Je, ruzuku za aina hii huleta tija, au huwapa watu fedha kwa kazi ambayo wangeifanya tu? Swali hili ni la haki, na jibu lake lina pande mbili. Mwaka 2017 mtafiti Sabrina Howell alichapisha uchunguzi wa ruzuku ambazo Wizara ya Nishati ya Marekani huzipa kampuni ndogo. Alizilinganisha kampuni zilizopata kwa alama chache na zile zilizokosa kwa alama chache, ambazo kwa kweli zilikaribiana sana kwa ubora. Ruzuku ya awali, ya takribani dola 150,000, ilikaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kampuni kupata mtaji wa wawekezaji baadaye, lakini ile kubwa ya hatua ya pili haikuonyesha manufaa ya maana. Kabla yake, mwaka 1999, Josh Lerner alionyesha kwamba kampuni zilizopewa ruzuku zilikua haraka kuliko zilizofanana nazo, ila zilizozoea kupokea ruzuku nyingi hazikuzishinda zilizopokea chache. Ruzuku hizo zilikuwa za utafiti wa ndani ya Marekani, lakini zinatufundisha jinsi ya kugawa: fedha ndogo, mapema, kwa wengi, za kujaribu wazo, na mlango ufungwe kwa kampuni inayoishi kwa kuandika maombi.

Kwetu ahadi zipo tele. Tangu Mpango wa Utekelezaji wa Lagos wa mwaka 1980, viongozi wa Afrika wamekuwa wakitaja asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Sheria ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi ikataja asilimia 2 kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti, kiasi ambacho hakijawahi kufikiwa. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) tangu mwaka 1986, na shirika la viwanda vidogo, SIDO, tangu 1973. Lakini sehemu kubwa ya utafiti wetu wa pamoja na mataifa mengine hugharimiwa na upande wa pili, na anayegharimia ndiye anayechagua swali. Kampuni ya kwetu huitwa ikusanye sampuli, itafsiri dodoso, imfikishe mgeni kijijini. Hataza husajiliwa kwingine. Tena fedha za mgeni huondoka anapotaka. Mwaka 2021 Uingereza ilipopunguza misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5, shirika lake la utafiti lilijikuta na pengo la pauni milioni 120 katika miradi iliyokwisha kuahidiwa, na washirika katika nchi zinazoendelea wakakatiwa kazi njiani. Waingereza walikuwa na haki na kodi yao. Kosa letu ni kutokuwa na fungu letu la kuendelezea kazi siku hiyo.

Wapo watakaosema kwamba nchi isiyo na dawa za kutosha zahanatini haina haki ya kulipia utafiti wa kampuni binafsi. Hoja hii ina uzito na siibezi. Lakini sumukuvu ni suala la afya, kama ilivyo mbegu inayostahimili ukame au kifaa cha kupimia maji. Na ruzuku ninazozisemea si za mabilioni. Fungu la kuanzia linaweza kuwa dogo kuliko gharama ya jengo moja la wizara. Wengine wanahofia upendeleo, kwamba fedha zitaishia kwa shemeji wa mkurugenzi. Hofu hiyo naiona nzito kuliko zote. Dawa yake ni wapimaji kutoka nje ya nchi, alama kutangazwa, na orodha ya waliopata na walichofanya kuwekwa hadharani kila mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyekubali masharti hayo asipewe mfuko.

Nchi moja peke yake itaanza kwa shida, ila Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia yenye makao yake Kigali. Kamisheni hiyo ingeweza kupima maombi ya pamoja, kila nchi ikazilipa kampuni zake, na kampuni ya Mbarara ikaunganishwa na ya Arusha kabla hata ya kutafuta mshirika wa Ulaya au Asia. Bajeti za Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania husomwa Juni. Mwulize mbunge wako kabla ya siku hiyo ni kifungu gani kinachoiwezesha kampuni ndogo ya jimboni kwake kuingia katika utafiti wa kimataifa ikiwa na fedha zake mkononi, na akikosa jibu, mdai akipeleke bungeni.