FAHALI NDANI YA MRIJA

Nchini Burundi ng'ombe si mnyama wa maziwa tu. Ni mahari, ni heshima, na hata salamu ya kale ya Kirundi, "Amashyo", humtakia mtu makundi ya ng'ombe. Lakini ardhi haiongezeki, na sheria ya mwaka 2018 iliwaagiza wafugaji kuwalisha wanyama zizini badala ya kuwaacha wazurure. Je, mfugaji wa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, aliye baina ya Ziwa Tanganyika na vilima vya Mumirwa, atamweka wapi fahali wa ng'ombe wake wawili? Jawabu ni uhimilishaji: fahali huja ndani ya mrija mwembamba. Yafaa basi tujue mrija huo ulikotoka, na kinachoulinda.

Hapo mwanzo kazi hii ilikuwa ya kushindana na saa. Nchini Kenya uhimilishaji ulianza mwaka 1935, shabaha ikiwa kuzuia maradhi ya uzazi yaliyoenezwa na mafahali. Na mwaka 1946 kikaanzishwa kituo cha Kabete, karibu na Nairobi. Mbegu zilichanganywa na kiini cha yai, zikapozwa na kutiwa chupani. Zilidumu siku chache tu, kisha zikamwagwa.

Kuzigandisha kulikuwa ni kuziua, maana maji yaliyomo ndani ya chembe hai hugeuka barafu na kuzipasua. Kizuizi hicho kiliondoka mwaka 1949 mjini London. Wataalamu Polge, Smith na Parkes walikuwa wakijaribu mbegu za jogoo, wakidhani wanatumia maji ya sukari. Kumbe vibandiko vya chupa vilikuwa vimebadilishana, na ndani mlikuwa na gliserini. Mbegu zikaganda, zikayeyuka, zikawa hai. Kufikia mwaka 1952 Polge na Rowson walikwisha kufanya hivyo kwa mbegu za fahali, kwa baridi ya barafu kavu ya nyuzi 79 chini ya sifuri. Baadaye ikaja naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ambamo mbegu hukaa miaka mingi bila kuharibika.

Likabaki swali la chombo. Chupa ndogo za kioo zilivunjika na kujaza nafasi. Wajapani waligandisha mbegu kuwa vidonge, lakini kidonge hakiandikwi jina, na mbegu za fahali mmoja zaweza kudhaniwa za mwingine. Huko Denmark, mwaka 1940, Sørensen alikuwa amekwisha kutumia mirija ya kunywea vinywaji. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Robert Cassou aliiboresha, ikawa mirija ya plastiki ya nusu mililita, kisha ya robo mililita, iliyozibwa pande zote mbili na kuandikwa jina la fahali, aina yake na tarehe.

Lakini wembamba huo una gharama yake. Mrija mwembamba huganda upesi, na huyeyuka upesi vile vile. Naitrojeni nayo hupungua kila siku, hata mtungi ukiwa umefungwa. Mrija uliopata joto ukarudishwa baridini, mbegu zake zimekufa, ilhali kwa macho haukubadilika hata kidogo. Mfugaji hulipa, hungoja siku 21, na ng'ombe huingia joto tena. Maziwa yamechelewa, na mara nyingi lawama humwangukia ng'ombe, ambaye huenda akauzwa machinjioni bila hatia.

Kwa hiyo, mfugaji asione haya kumwuliza mhimilishaji naitrojeni ilijazwa lini, wala kuomba asome maandishi ya mrija kabla haujatumika. Mhimilishaji naye asiinue mirija juu ya shingo ya mtungi pasipo haja, na auyeyushe kwa maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 37, si kwa kiganja wala kwa jua la tambarare ya Imbo.

Wenye dhamana wakumbuke pia kwamba kununua mbegu za mafahali bora bila kuhakikisha naitrojeni inawafikia wahimilishaji ni kujaza maji kwenye pakacha. Mbegu bora ni ile iliyofika ikiwa hai.