Mahakimu tisa wa Kinshasa: nani anawaketisha, na mtu wa Ndosho ana sauti gani?

Goma – Ndosho, katika komini ya Karisimbi, watu wanajua vizuri namna ya kuchagua. Tarehe 20 Desemba 2023 walipanga mistari tangu asubuhi, kila mmoja na karte yake, wakitafuta kwenye mashine ya kura namba na picha ya kandida wao. Wengi wa jirani zao waliokimbia vita hawakupata nafasi hiyo: sehemu kubwa za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura mwaka huo. Lakini neno la mwisho juu ya kura ile halikutoka Ndosho, wala kwa CENI. Lilitoka Kinshasa, kwa mahakimu tisa ambao hakuna raia hata mmoja aliyewapigia kura.

Hao ndio mahakimu wa Korti ya Katiba. Tarehe 9 Januari 2024 walithibitisha ushindi wa Félix Tshisekedi kwa asilimia 73.47. Miaka mitano mbele, usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 2019, korti hiyo hiyo ilikuwa imekataa malalamiko ya Martin Fayulu na kumtangaza Raisi mpya. Wakati ule Beni na Butembo, hapa hapa Kivu ya Kaskazini, walikuwa hawajapiga kura bado. Uchaguzi wao ulisogezwa hadi Machi 2019, Raisi akiwa ameshaapishwa.

Kwa hiyo swali la nani anaketi katika viti hivyo tisa si la ma-avoka peke yao.

Viti tisa, milango mitatu

Jibu liko katika kifungu cha 158 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Mahakimu ni 9, na wote wanatajwa kwa sahihi ya Raisi wa Jamhuri. Lakini hawapitii mlango mmoja. Watatu Raisi anawachagua mwenyewe. Watatu wanapendekezwa na Bunge na Seneti vikikutana pamoja. Watatu wa mwisho wanapendekezwa na Baraza Kuu la Mahakimu.

Kila mmoja anakaa miaka 9, na muda huo haurudiwi. Theluthi mbili ya mahakimu wanapaswa kuwa watu wa sheria: mahakimu wa kazi, ma-avoka au walimu wa sheria wa chuo kikuu. Kifungu cha 159 kinaomba ujuzi wa miaka 15 katika mambo ya sheria au ya siasa.

Kila miaka mitatu, theluthi moja ya korti inabadilishwa. Anayetoka anajulikana kwa kupiga bahati nasibu, mmoja katika kila kundi. Aliyeingia kwa mlango wa Bunge nafasi yake inajazwa na Bunge; aliyetoka kwa mahakimu nafasi yake inajazwa na mahakimu. Viti havina namba zilizoandikwa mgongoni, lakini kila kiti kina mwenyewe.

Bahati nasibu hiyo si mchezo. Mwezi wa Mei 2022 ilimwangukia Dieudonné Kaluba, aliyekuwa raisi wa korti yenyewe. Alitoka, na Dieudonné Kamuleta akachaguliwa na wenzake kushika nafasi yake.

Mabadiliko hayo yalionekana katika maamuzi. Mwezi wa Novemba 2021, Kaluba akiwa raisi, korti ilisema haina uwezo wa kumhukumu aliyekuwa waziri mkuu Augustin Matata Ponyo katika jambo la Bukanga-Lonzo. Mwaka mmoja baadaye, Kamuleta akiwa raisi, korti ilisema uwezo inao. Mwezi wa Mei 2025 ilimhukumu miaka 10 ya kazi ya nguvu. Katiba haikubadilika hata herufi moja kati ya maamuzi hayo mawili. Sehemu ya watu walioketi ndiyo ilibadilika.

Kule wanapopiga kura kwa namba ya kiti

Katika nchi nyingine raia mwenyewe ndiye anayechagua mahakimu wakubwa. Huko Marekani, majimbo mengi yanawapigisha raia kura, kwa njia moja au nyingine, juu ya mahakimu wa korti kuu ya jimbo. Baadhi yake yanatumia njia ya viti vyenye namba.

Texas ni mfano. Korti yake kuu ya mambo ya kiraia ina mahakimu 9: kiti cha raisi wa korti, na viti 8 vyenye namba toka 2 hadi 9. Anayetaka uhakimu anatangaza kwanza namba ya kiti anachogombea. Anashindana na wale tu waliochagua namba hiyo. Mpiga kura anaweka kura moja kwa kila kiti kilicho kwenye karatasi, na jimbo zima linapiga kura kwa kila kiti. Muda ni miaka 6, na viti havifunguliwi vyote pamoja. Jimbo la Washington nalo lina viti 9 vyenye namba, lakini kule kandida haandikwi kwa jina la chama.

Hiyo ni tofauti na vile Goma inavyochagua wabunge wake. Hapa makandida wote wa mji wanapigana katika chungu kimoja, na viti vinagawanywa kufuatana na kura za kila orodha. Chama kidogo kinaweza kuokota kiti kimoja. Kwa viti vya namba, kila kiti ni pambano lake. Faida yake ni wazi: hakimu aliyefanya vibaya hana mahali pa kujificha, maana anasimama uso kwa uso na mpinzani wake na raia anajua anamwondoa nani.

Hasara nayo ni wazi. Kundi lenye watu wengi linaweza kushinda kiti cha kwanza, cha pili, hadi cha mwisho, na wengine wakabaki mikono mitupu. Texas, chama cha Republican kinashika viti vyote 9 tangu miaka ya 1990. Tena kandida mjanja anaweza kukimbia namba ya hakimu mwenye nguvu na kutafuta namba ya mnyonge. Na kampeni inaomba feza: hakimu anayesaidiwa leo na tajiri anaweza kesho kukuta kesi ya tajiri huyo mezani pake.

Mexico ilijaribu jambo kubwa zaidi. Tarehe 1 Juni 2025 raia walichagua mahakimu wa nchi nzima, pamoja na 9 wa korti kuu. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 13 tu. Karatasi zilikuwa na majina mengi, na watu wengi hawakujua wanamchagua nani.

Sahihi moja juu ya milango mitatu

Waliotunga Katiba ya Kongo hawakuchagua njia hiyo. Waliona kwamba viti vikigawanywa kati ya wakubwa watatu, hakuna mmoja atakayeishika korti yote. Kwenye karatasi hesabu ni nzuri: Raisi ana tatu tu kati ya tisa.

Katika maisha ya siasa, hesabu inageuka. Muungano wa Raisi ulipata zaidi ya viti 400 kati ya 500 vya Bunge katika uchaguzi wa 2023. Wenye viti hivyo wana sauti kubwa mno juu ya majina matatu ya Bunge na Seneti. Baraza Kuu la Mahakimu nalo linaongozwa na raisi wa Korti ya Katiba mwenyewe. Basi milango ni mitatu, lakini inaweza kufika katika nyumba moja.

Mwaka wa 2020 mvutano huo ulionekana mchana kweupe. Mwezi wa Julai, Raisi Tshisekedi alitaja mahakimu watatu wapya, na wawili waliokuwa wakiketi wakapelekwa katika Korti ya Kasasyo. Hao wawili walikataa, wakisema muda wao haujaisha. Wakati huo wenye wingi katika Bunge walikuwa watu wa Joseph Kabila, nao walipinga. Pamoja na hayo, watatu wale wapya waliapa tarehe 21 Oktoba 2020.

Kivu ya Kaskazini ilivyoguswa

Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule ambao kila mtu hapa anauita état de siège. Kesi za makosa ya jinai za raia zilitolewa kwa tribinali za kawaida na kupewa korti za kijeshi. Muuza makala wa Ndosho anayeshtakiwa wizi, au motari aliyegombana barabarani, angeweza kujikuta mbele ya hakimu mwenye magwanda.

Katiba, kifungu cha 145, inasema amri kama hizo zipelekwe mara moja kwa Korti ya Katiba, nayo iache kazi nyingine zote iseme kama zinakwenda pamoja na Katiba. Siku thelathini za kwanza zilipoisha, muda uliongezwa kwa siku kumi na tano, tena kumi na tano, na siku zikawa miaka. Mahakimu tisa hawakuisimamisha.

Kifungu cha 162 kinampa mtu yeyote haki ya kuishtakia korti hiyo sheria anayoona inavunja Katiba. Si lazima awe mbunge wala gavana. Lakini korti iko Kinshasa. Tangu AFC/M23 waliposhika Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege wa mji ulifungwa, wafungwa wa Munzenze walitoroka, na tribinali za serikali zilisimama. Mtu wa Ndosho anayetaka kufika Kinshasa inambidi apitie nchi jirani kwanza.

Mjadala ambao haujafika hapa

Mwezi wa Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Raisi Tshisekedi alisema Katiba inahitaji kuangaliwa upya. Tangu siku hiyo mabishano yanazunguka hasa juu ya muda wa Raisi. Kifungu cha 158 kinasikika kidogo sana.

Hata hivyo, Katiba ikiguswa, maswali yako tayari. Je, raia wachague mahakimu, kwa namba ya kiti au kwa orodha, na hatari zake za feza na vyama? Je, milango mitatu ibaki, lakini Bunge lilazimishwe kutafuta kura za theluthi mbili ili wapinzani nao wasikike? Je, majina yatangazwe mbele na watu wayajadili kabla ya sahihi?

Na yoyote atakayejibu, bado kuna swali moja la Ndosho: kama kura itaandaliwa, safari hii watu wa Masisi na Rutshuru watapiga wapi yao? Kura hiyo ikileta ubishi, watakaoukata ni mahakimu wale wale tisa.